Kiungulia cha usiku: itazame saa ya kula kabla hujailaumu pilipili

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 46, naishi Makorora, Tanga mjini. Jioni nakaanga bajia, kachori na mihogo ya kuuza, nafunga saa tatu na nusu usiku. Nikifika nyumbani tunakula, kisha nalala kwa uchovu. Ikifika saa nane naamka kifua kinawaka moto, maji makali yamepanda mpaka kooni, nakohoa hadi machozi. Nikinywa maziwa ya baridi napata ahueni, halafu moto unarudi. Nimeacha pilipili miezi miwili sasa, sijaona tofauti. Mume wangu anasema ni vidonda vya tumbo. Jirani kanishauri magadi soda. Nimenunua omeprazoli duka la dawa, nameza ninapopanda kitandani. Natumia pia dawa za presha. Mwezi wa Ramadhani ndio naumia zaidi. Nifanyeje?

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa usiku wote huo uliokukosesha usingizi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Pilipili umeiacha miezi miwili na moto haujapungua, kwa hiyo tuiache kando kwanza. Mimi nimesimama kwenye maneno yako mengine: unafunga saa tatu na nusu, unakula, unalala. Kwa nilivyoona miaka yangu yote ya kazi, hapo ndipo penye shina la tatizo lako.

Tumbo la chakula ni mfuko. Juu yake linashuka bomba linaloitwa umio, linalotoka kooni. Pale bomba linapokutana na mfuko pana msuli wa mviringo unaojikaza kama mdomo wa kiroba uliofungwa kamba. Unalegea ukimeza, unalegea ukicheua, kisha unajikaza tena. Tumbo likijaa likatanuka, msuli huo huanza kulegea mara kwa mara hata bila wewe kumeza, na asidi inapata njia ya kupanda. Mchana inapopanda hukai nayo muda mrefu, kwa sababu umesimama au umekaa na yenyewe inateremka, unameza kila dakika bila kujua, na mate yako yana kitu kinachopunguza ukali wake. Ukilala, yote matatu yanaondoka kwa pamoja. Mwili umenyooka sambamba na sakafu, kumeza kunakaribia kusimama, mate yanakauka. Asidi ambayo mchana ingekaa dakika moja mbili inabaki pale pale ikichoma. Ndiyo maana kiungulia cha usiku kina kikohozi na sauti ya kukwaruza asubuhi, na mwenye pumu hubanwa zaidi.

Sasa weka saa zako juu ya hayo. Mlo wa kawaida huchukua kama saa nne kutoka tumboni, na wenye mafuta mengi huchelewa zaidi. Ukila wali wa nazi saa nne na nusu usiku, saa nane bado uko tumboni, nawe umelala chali.

Kwa hiyo jambo la kwanza, na kama utafanya moja tu lifanye hili: kati ya mlo wako wa mwisho na kulala zipite saa tatu, si chini ya hapo. Najua biashara yako haikuruhusu kula chakula cha usiku saa moja ukalala saa nne kama mfanyakazi wa ofisini. Basi tugeuze. Mlo wako mkubwa uwe saa kumi alasiri, kabla hujawasha jiko. Hapo kula wali wako na samaki, ushibe. Saa moja au saa mbili usiku, ukiwa kwenye biashara, kula kitu chepesi ulichotoka nacho nyumbani: viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi mbivu, au mkate na yai la kuchemsha. Ukirudi nyumbani usianze mlo mwingine.

Hapa nataka niseme kitu ambacho sisi madaktari tunakipita haraka. Sinia la usiku kwetu si chakula tu. Ndipo baba anapowaona watoto, ndipo habari za siku zinaposimuliwa. Sikuambii ukae chumbani wenzako wakila. Kaa nao, chukua tonge mbili tatu za samaki au mchicha, mengine waachie. Waeleze na sababu, wasije wakadhani umekasirika.

Halafu kuna kuonja. Mama anayekaanga hula bila kuhesabu: bajia iliyovunjika, kachori ya kuonja chumvi, kipande cha muhogo na chachandu. Siku moja ziweke zote kwenye sahani badala ya mdomoni, uone zimefika ngapi saa ya kufunga. Nimewahi kumwomba mgonjwa mmoja mwenye kazi kama yako afanye hivyo, akaniambia sahani ilijaa, yeye mwenyewe hakuamini. Mafuta hayo hulichelewesha tumbo kutoa chakula.

Na kibwebwe. Kanga iliyokazwa kiunoni kwa saa tano, mtu ameinama juu ya karai, inalisukuma tumbo kwenda juu. Ilegeze, au funga kwenye nyonga. Kama karai liko chini kabisa, tafuta meza au jiko lililoinuliwa ukaange ukiwa wima.

Kuhusu nini cha kula, nitakueleza ukweli ambao huenda si ule uliouzoea. Orodha ndefu za "usile hiki, usile kile" hazina ushahidi mkubwa nyuma yake. Yenye ushahidi mzuri ni saa ya kula, kuinua kitanda, ubavu wa kulalia, na kupunguza uzito kwa aliyezidi. Vyakula hutofautiana baina ya mtu na mtu. Wapo wanaoungua kwa kahawa, na wapo wanaokunywa vikombe vinne barazani wakalala kama watoto. Kwa hiyo chukua daftari la shule, wiki mbili andika umekula nini, saa ngapi, umelala saa ngapi, umeamka na moto saa ngapi. Wanaotuhumiwa sana ni kahawa, chai kali ya rangi, chokoleti, peremende za minti, soda, nyanya, vitunguu vibichi vya kachumbari, ndimu, ukwaju na machungwa. Usiwafukuze wote siku moja, utabaki na njaa na hutajua nani alikuwa mkosaji. Acha kimoja kwa wiki, ukiona hakuna tofauti kirudishe, jaribu kingine. Machungwa ya Muheza ukiyala saa sita mchana huenda yasikufanye lolote, lakini bilauri ya maji yake saa tatu usiku ikakuamsha. Nayo pilipili, daftari lisipoishtaki, irudishe kwenye mlo wa alasiri.

Nazi nisiiruke, maana mtu wa Tanga ukimwambia aache nazi umemwambia ahame. Usiache. Ila kasimele, lile tui zito la kwanza, liwe la mlo wa alasiri. Cha usiku kipikwe kwa tui jepesi, au mchuzi wa kuchemsha tu wenye kitunguu na bamia. Samaki wa kuchoma au wa kuchemsha ni bora kuliko wa kukaanga usiku. Mboga za majani, papai, uji wa ulezi, viazi vikuu na magimbi ya kuchemsha kwa kawaida hukaa vizuri tumboni.

Maziwa ya baridi yanakupa ahueni kweli, hujidanganyi. Yanaipunguza makali asidi kwa muda mfupi. Kisha protini na kalisi zilizomo huliamsha tumbo litoe asidi nyingine, na mafuta yake hulifanya lichelewe kumwaga. Ndio ule moto unaorudi. Magadi soda mwambie jirani ahsante, lakini usiyatumie. Yana sodiamu nyingi, kitu kile kile tunachokikataza kwenye chumvi, nawe una presha. Tena hutoa gesi inayotanua tumbo, na tumbo likitanuka msuli unalegea.

Sasa kitanda, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nimeliona nyumbani kwetu. Mama yangu mzazi aliteseka na kiungulia miaka mingi kule Pangani. Alikuwa analala juu ya mito mitatu. Shingo ilimuuma, na moto haukuondoka, kwa sababu mito inakunja mtu kiunoni na tumbo linabanwa. Kinachotakiwa ni mwili wote uanze kuinuka toka kiunoni kwenda juu. Fundi seremala alimkatia magogo mawili, akachimba juu ya kila moja kishimo cha kuutumbukiza mguu wa kitanda usiteleze. Kipimo tulikihesabu kutoka sakafuni mpaka ndani ya kishimo: sentimita 17. Kinachofaa ni kati ya sentimita 15 na 20, karibu shibiri moja pungufu kidogo. Yalikwenda chini ya miguu ya kichwani tu, ya miguuni ikabaki sakafuni. Usiku wa kwanza mama aliteremka mpaka nyayo zikagusa ubao wa mwisho, kwa sababu shuka lilikuwa la kuteleza. Tukabadilisha, tukatandika la pamba, na blanketi lililokunjwa likawekwa chini ya godoro upande wa miguu kumzuia. Wiki ya pili aliniambia amelala mpaka adhana ya alfajiri. Sijasahau uso wake siku ile.

Kama mumeo hataki kitanda kiinuliwe, mwende kwa fundi magodoro akukatie sponji yenye umbo la kabari, nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, inayoanzia kiunoni mpaka kichwani. Ya kuinua kichwa peke yake haifai, hiyo ni mito kwa jina jingine.

Ubavu nao una maana. Tumbo limekaa zaidi upande wa kushoto. Ukilalia ubavu wa kushoto, asidi inatulia chini na mdomo wa umio unakuwa juu yake. Ukilalia wa kulia inageuka, asidi inaegemea kwenye mlango, na ikipanda huchelewa kuondoka. Najua wengi wetu tumefundishwa tangu madrasa kulalia ubavu wa kulia, na naheshimu. Anza hivyo, soma dua zako, kisha jigeuze kushoto kabla usingizi haujakuchukua. Nijuavyo, kulalia kulia ni sunna, na mgonjwa ana nafasi yake. Moyo ukisita, muulize shehe wako, umwambie ni ushauri wa daktari.

Uzito hukuutaja. Kama kiuno kimeongezeka miaka hii, kilo chache tu zikipungua utaona tofauti, kwa sababu mafuta ya tumboni yanalikandamiza tumbo usiku kucha. Sigara na pombe vyote vinaulegeza ule msuli, kwa yeyote humo ndani anayevitumia.

Tuje kwenye vidonda. Mume wako hakukosea kuwaza hivyo, dalili zinafanana na watu wengi huambiwa hivyo. Lakini vidonda vya tumbo mara nyingi huuma chini ya chembe ya moyo, penye tumbo lenyewe. Maji makali yanayopanda kooni mtu akilala ni habari ya asidi kupanda. Na vidonda vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, aliyegunduliwa na Barry Marshall na Robin Warren huko Australia mwaka 1982, wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 2005, au na dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Kama unameza diklofenaki kwa ajili ya mgongo, niambie. Watu wengi hupimwa damu wakaambiwa "una vidonda". Kipimo kile huonyesha tu kwamba mwili umewahi kukutana na bakteria yule, hata kama ameshaondoka zamani. Kilicho bora ni kipimo cha choo au cha pumzi, na omeprazoli iwe imeachwa wiki mbili kabla yake, la sivyo majibu yanaweza kudanganya.

Omeprazoli yenyewe ni dawa nzuri ila unaimeza saa isiyo yake. Hufunga vile vijipampu vya tumbo vinavyotengeneza asidi, na vijipampu huamka chakula kinapoingia. Ukimeza kitandani, tumbo halitarajii mlo mwingine, nguvu nyingi inapotea. Imezwe nusu saa mpaka saa moja kabla ya mlo, kwako ni saa tisa na nusu alasiri, kabla ya ule mlo mkubwa. Kila siku, kwa wiki nne hadi nane, chini ya uangalizi wa daktari, kisha mtazame tena. Ukiimeza siku ukiumwa na kuiacha ukipona haifanyi kazi yake. Na mtu aliyeitumia miezi mingi akiikata ghafla, asidi hurudi kwa kishindo kwa siku kadhaa, akadhani ugonjwa umezidi.

Dawa zako za presha: baadhi, kama amlodipini na nifedipini, zinaweza kuulegeza msuli ule. Usiache hata kidonge kimoja kwa maneno yangu haya. Presha isiyodhibitiwa ni hatari kuliko kiungulia. Nenda na boksi kwa daktari aliyekuandikia, mweleze tatizo la usiku, ataona kama kuna ya kubadilisha.

Ramadhani unaumia zaidi kwa sababu saa zote za kula zinahamia usiku. Futari ya magimbi, tambi, sambusa na maharage ya nazi, kisha chakula kingine baada ya tarawehe, kisha daku na kurudi kitandani. Fanya hivi: adhana ikilia fungua kwa tende na maji, na kidonge umeze kwa maji hayo hayo. Nenda kaswali Magharibi bila haraka, ukirudi karibu nusu saa imepita. Hapo kula mlo wako mkuu, mmoja, polepole. Baada ya tarawehe iwe maji na tunda, basi. Daku uicheleweshe mpaka karibu na alfajiri, iwe nyepesi, na baada ya swala baki umekaa. Usingizi ukikushinda, lalia kitanda kilichoinuliwa, ubavu wa kushoto.

Sasa naomba usome hapa kwa utulivu. Chakula kikianza kukwama kifuani, kwanza nyama na ugali, kisha hata uji, ukipungua uzito bila kutaka, ukitapika damu au kitu kama unga wa kahawa, choo kikiwa cheusi kama lami, ukiishiwa damu, usingoje daftari wala wiki nne. Nenda hospitali yenye kipimo cha kamera, umio uangaliwe. Ukanda wetu wa Afrika Mashariki una saratani ya umio nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na wengi wanakuja wakiwa hawawezi kumeza hata mate. Hilo linaniuma kila mara. Kwa sababu hiyo hiyo subiri chai ipoe kidogo: mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliviweka vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani hiyo. Na kifua kikibana unapopanda ngazi au kubeba ndoo, maumivu yakaelekea taya au mkono wa kushoto pamoja na jasho la baridi, huo si wakati wa kumeza dawa ya kiungulia. Ni moyo mpaka ithibitike vingine, na wewe una presha. Uende saa hiyo hiyo.

Usiku wa leo magogo hayajachongwa bado, na moto unaweza kuja saa nane kama kawaida. Ukija, usijizungushe kitandani. Amka ukae wima, kunywa maji mafundo machache, meza mate mara kwa mara. Dawa ya maji au ya kutafuna ya kutuliza asidi, yenye magnesi na alumini, inaweza kukusaidia kwa usiku mmoja, lakini uliza duka la dawa kama inaendana na dawa zako za presha. Kaa mpaka kifua kitulie ndipo ujilaze, kushoto.

Na siku fundi akileta magogo, kumbuka kichwani kitanda kitakuwa juu kwa karibu shibiri. Chandarua kitapungua upande huo na mbu watapata mwanya. Kiongezee kamba kishuke, uweze kukichomeka chini ya godoro pande zote. Baada ya wiki nne niandikie tena, na uniambie daftari limesemaje.